Furaha ya Waya Bandia: Kosa Liko Wapi?

Nina swali, ndugu msomaji, na naomba usilikimbie kwa sababu tu limevaa nguo za karakana. Mtu amenunua waya wa kuunganisha pleya yake ya santuri na amplifaya. Amelipa shilingi laki moja na nusu. Waya wenyewe, ukihesabu shaba, plagi na jasho la fundi, hauzidi elfu ishirini na tano. Umevikwa soksi nyeusi ya nailoni na kubandikwa maandishi ya kigeni. Amefika nyumbani, ameuchomeka, ameketi, na muziki umemwingia kuliko siku zote. Machozi yanamlengalenga. Kama furaha yake ni ya kweli, kosa liko wapi?

Wengi watajibu upesi: kosa ni wizi, pesa zimeliwa. Sawa. Basi tuuondoe wizi. Tuseme waya uleule amepewa bure, ni zawadi ya mpwa wake, na mpwa akamdanganya tu kwamba umetoka Japani na ndani yake mna fedha tupu. Mjomba hakutoa hata senti. Muziki umemwingia vilevile. Sasa je? Ukisema bado kuna kosa, itakubidi ulitaje jina lake. Ukisema hakuna, basi umekubali kwamba uongo unaofurahisha ni halali, na mlango huo ukishaufungua sijui utaufungia wapi. Leo waya, kesho dawa, keshokutwa matokeo ya uchaguzi.

Nimeuchagua waya kwa sababu ndio ninaoujua. Mimi nalehemu waya jioni, baada ya shughuli nyingine, na wateja wanaongezeka. Santuri, ambazo tuliambiwa zimezikwa na kaseti na CD, zimefufuka. Huko Marekani mwaka 2022 ziliuzwa nyingi kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu 1987. Na hapa Dar wapo vijana wanaofukua makabati ya wazee kutafuta Morogoro Jazz na Marijani Rajab, na wapo wazee waliogundua kwamba kabati lao lina mali. Wote hao, siku moja, wanafika mahali pa kuuliza: ninunue waya gani?

Kwenye jambo hili kuna madhehebu mawili. La kwanza linasema waya ni waya: shaba ni shaba, chukua wowote, unganisha, lala. La pili linasema kila shilingi unayoiongeza kwenye waya utaisikia spikani. Halafu kuna mtu wa tatu, mpatanishi, yeye husema eti ukweli uko katikati. Huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, maana anapendeza. Ukweli hauko katikati, bwana. Ukweli uko mahali pake, na kazi yetu ni kwenda kupatafuta mahali hapo. Twende basi.

Anza na waya wa spika. Chukua waya wa kawaida wa nyumba, shaba ya milimita mraba 2.5, ule fundi umeme anaoupitisha ukutani kwa ajili ya soketi. Mita tano kwenda na tano kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.07. Spika yako ni ya omu 8. Kinachopotea njiani hakifiki asilimia moja. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba, ni kweli, lakini kwa kama asilimia 6 tu. Kwa hiyo anayenunua waya wa spika wa fedha ananunua asilimia 6 ya kitu ambacho chenyewe chote hakifiki asilimia moja. Hapa dhehebu la kwanza limeshinda bao safi.

Lakini wasianze kushangilia. Rudi nyuma, kwenye pleya. Sindano inapopita katika mfereji wa santuri inatikisika, na sumaku ndogo iliyo nyuma yake inatikisika nayo mbele ya koili. Umeme unaozaliwa hapo ni kama milivolti 5. Betri ya tochi ina volti moja na nusu, yaani mara 300 ya hicho. Kwa hiki kidogo ndipo amplifaya inapoanza kazi: inakikuza kama mara 100 kabla hata hujagusa kitufe cha sauti. Sauti nzito inakuzwa zaidi, kwa makusudi, kwa sababu santuri inapokatwa sauti nzito hupunguzwa ili mfereji usipanuke kupita kiasi. Na umeme wa ukutani unatikisika mara 50 kwa sekunde, palepale kwenye sauti nzito. Unaona hatari? Waya wa pleya usiovikwa vizuri unadaka mngurumo wa nyumba nzima, halafu amplifaya kwa utiifu wake inaukuza pamoja na muziki.

Kuna na jambo jingine, dogo zaidi kwa jina na kubwa kwa matokeo. Waya wenye wavu ni shaba mbili zilizokaa karibu bila kugusana, na shaba mbili za namna hiyo hutunza umeme kidogo kati yao. Kipimo chake ni pikofaradi. Kwenye waya wa spika sahau kabisa habari hiyo. Kwenye kichwa cha sindano chenye koili ya nusu henri usiisahau. Jumla ikiwa pikofaradi 200, sauti nyembamba zinainuka karibu na hetsi 16,000, huko ambako masikio mengi ya watu wazima hayafiki. Jumla ikiwa 400, mwinuko unashuka hadi karibu na 11,000, na kupita hapo sauti inaporomoka. Matoazi yanachoma halafu yanakosa hewa. Herufi “s” ya mwimbaji inalia kama mafuta ya chipsi.

Sasa sikia kichekesho. Waya wa antena ya TV, ule wa bei ya chini kabisa dukani, una pikofaradi kati ya 50 na 70 kwa mita. Waya wa kipaza sauti, mnene, mlaini, wa bei zaidi, mara nyingi hupita 100. Yaani hapa mahali ambapo waya una maana kuliko pengine pote, wa bei rahisi unaweza kumpita wa bei ghali. Kasoro ya waya wa antena ni ukakamavu: kama pleya yako imekaa juu ya springi, waya mgumu utaivuta na kuibughudhi. Basi unapima, unachagua. Dhehebu la kwanza limeshindwa hapa kwa sababu waya si waya tu. Na la pili limeshindwa kwa sababu bei haikusema kweli.

Nimekuchosha kwa hesabu, nisamehe. Nilitaka uone kwanza kwamba katika suala hili ukweli upo na unapimika. Wako ndugu zangu, hasa waliopita pita vyuoni, ambao wakisikia “mimi nasikia hivi, wewe unasikia vile” hukimbilia kusema kila mtu ana ukweli wake. Hapana. Kila mtu ana sikio lake. Pikofaradi hazibadiliki kwa sababu ya sikio la mtu.

Sasa turudi kwenye maadili, na nitatoa mfano nilioushuhudia. Fundi niliyejifunza kwake, sitamtaja, alikuwa na meza yake katika mtaa mmoja wa hapa mjini. Mkono wake ulikuwa mwepesi, nimekaa naye miaka miwili na sijamwona akiunguza plagi. Siku moja akaja mzee, mwalimu mstaafu, kabeba pleya yake imefungwa kwenye shuka kama mtoto mgonjwa.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba wanangu. Hii kitu inanguruma kama jenereta. Dukani wameniambia dawa yake ni waya. Laki nne na themanini.”

Akaeleza, kwa aibu kidogo, kwamba pesa hiyo anayo. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba anayoijenga pole pole nje ya mji. Lakini umri umekwenda, alisema, na santuri zake alizinunua kwa mshahara wa kijana. Anataka azisikie vizuri walau mara moja kabla masikio hayajafunga. Alikuja kwetu kuuliza kama tunaweza kumpatia waya wa namna hiyo kwa bei ya kupatana.

Fundi akanivuta pembeni. “Bwana mdogo, tunao ule wa soksi nyeusi. Mwambie laki mbili. Anaokoa laki mbili na themanini, mabati anapata mengine, sisi tunalipa pango, na yeye atasikia muziki mtamu mpaka alie. Nani ameumia?”

Mimi nilikuwa nimeshaigeuza pleya. Waya wa ardhi, ule mwembamba unaotoka pamoja na nyaya za sauti na kufungwa kwenye skrubu ya amplifaya, ulikuwa umekatika kwenye shina lake, pale unapojikunja kila siku. Nikaulehemu na kipande cha waya kisichozidi shilingi mia mbili. Tukawasha. Mngurumo kimya. Ikabaki ile mikwaruzo ya santuri yenyewe, na muziki.

Unafikiri mzee alishangilia? Alikaa kimya, kisha akasema, “Ndiyo hiyo tu?” Wala hakuuliza kwa furaha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejiandaa kwa safari ndefu akaambiwa kwamba anapokwenda ni nyumba ya jirani. Fundi alichukua elfu tano, na mzee alipoondoka akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayajibu: “Umemwokolea pesa. Lakini ile furaha yake kubwa uliyomnyima, utamrudishia na nini?”

Wasomaji wengine watasema fundi ni mlaghai, yamekwisha. Mimi sisemi hivyo. Hoja zake zina mifupa, na mtu anayezidharau hajazisikiliza. Nitazipanga tatu.

Hoja ya kwanza: furaha ni furaha. Anayelia kwa muziki halii kwa uongo. Machozi ni yale yale yenye chumvi. Mwanafalsafa mmoja wa Marekani, Robert Nozick, aliligusa jambo hili mwaka 1974. Alituomba tufikirie mashine ambayo ukijifunga nayo utapata kila hisia unayoitaka: utadhani umeandika kitabu kikubwa, umepata marafiki, umependwa, kumbe umelala tu na mashine inachezea ubongo wako. Utaingia? Watu wengi tunasita. Kama furaha peke yake ndiyo tuliyoitaka, tusingesita.

Lakini tuiache mashine ya watu, tuje kwetu. Mama ana mwanawe aliyekwenda mbali, Muscat au London, na miaka haandiki. Jirani mwenye huruma anaanza kutunga barua, anaweka jina la kijana, anampelekea mama. Mama anafurahi, anamsomea kila mpita njia. Je, furaha yake ni ya kweli? Ndiyo, moyo unamdunda kweli. Lakini furaha ile ina kauli ndani yake. Inasema: mwanangu ananikumbuka. Na kauli hiyo ni uongo. Furaha si kama utamu wa sukari unaokaa ulimini usiseme kitu. Mara nyingi furaha ni habari. Mjomba mwenye waya wa soksi hasemi tu “nimefurahi”. Anasema “sasa nasikia kilichokuwa kimejificha”. Hakikujificha kitu. Amefurahia barua isiyoandikwa.

Hoja ya pili: hakuna aliyeumia. Hapa ndipo ninapodhani fundi wangu amekosea kabisa, na hapa ndipo nalipata jina la kosa nililoliulizia mwanzoni. Aliyeumia ni sikio la mteja. Sina maana ya ngoma ya sikio, nina maana ya uwezo wake wa kulitegemea. Fikiria mwalimu yule angeondoka na waya wa laki mbili, na mngurumo ukaisha kwa sababu waya mpya ungekuwa na waya wake mzima wa ardhi. Angejifunza nini? Angejifunza kwamba dawa ya mngurumo ni pesa. Mwaka unaofuata sindano ikichakaa, sauti ikianza kupasuka, asingeitazama sindano. Angefikiria waya wa laki tatu. Sindano ikiendelea kuchakaa inachimba mfereji, na santuri za ujana wake zinakwenda zikifutika moja baada ya moja huku yeye akihesabu akiba. Na majirani wangemuuliza, naye kwa nia safi kabisa angewashuhudia uongo. Mtu mkweli angegeuzwa shahidi wa uongo bila yeye mwenyewe kujua.

Ndiyo maana hata mpwa mwenye zawadi ya bure amefanya kosa. Hakuiba pesa. Amemwondolea mjomba wake kitu cha kujipimia mambo. Sikio na akili yake vilikuwa ni mizani. Mpwa ameweka kidole kwenye sahani moja ya mizani, kwa mapenzi, akacheka. Tangu siku hiyo kila kinachopimwa pale ni pungufu.

Hoja ya tatu ni ngumu zaidi: mteja mwenyewe anataka. Kuna watu ukiwaambia elfu ishirini na tano wanakukimbia. Wamelelewa na methali ya “rahisi ghali”, na methali hiyo imewaokoa mara nyingi kwenye viatu na mabomba. Wanapotafuta bei kubwa wanatafuta usalama. Fundi mkweli anakufa njaa, mlaghai anajenga. Nifanye nini mimi, nitoe somo la fizikia kwenye kibaraza?

Jibu langu ni kwamba fundi anayo haki ya kutoza kazi yake, na atoze bila woga. Kukata waya, kuupimia urefu usiozidi haja, kuzichuna nyuzi zile nne nyembamba kama nywele zinazotoka kichwani mwa sindano, nyeupe na bluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia, kuzilehemu bila kuchoma, kupima mwisho mpaka mwisho: hiyo ni kazi ya saa mbili na macho. Taja bei yake. Sema “haya ni malipo ya mkono wangu”. Usiseme “haya ni malipo ya fedha ya Japani”. Dhahabu iliyopakwa kwenye plagi nayo iuze kwa sifa yake halisi: haiongezi utamu, bali haishiki kutu, na sisi tunaoishi karibu na bahari tunajua chumvi inavyoifanya shaba kuwa ya kijani. Sifa ya kweli ikielezwa vizuri nayo inauza. Inauza pole pole, nakubali.

Sasa msomaji mwenye huruma ataniuliza: basi tupite nyumba kwa nyumba tukiwapokonya watu furaha zao? Rafiki yako keshanunua waya wa bei mbaya, anausifu, macho yanang’aa. Utamwambia? Immanuel Kant mwaka 1797 alishikilia kwamba hata muuaji akibisha hodi akimtafuta rafiki yako, hupaswi kumwambia uongo. Mimi sifiki huko. Ila naona tofauti kati ya kuupanda uongo na kutokimbilia kuung’oa kila unapouona. Rafiki hajaniuliza, muziki unapiga, chai iko mezani: nitakunywa chai. Sitasema “kweli kabisa, nasikia tofauti”, maana hapo nitakuwa nimeweka na mimi kidole kwenye mizani. Lakini akiniuliza, ninamdai nafsi yangu jibu. Na akiwa karibu kuuza kitu au kukopa ili anunue mwingine, nitasema hata kama hajauliza.

Na jibu bora si maneno, ni jaribio. Halihitaji maabara. Nyaya mbili, pazia la khanga, mtu wa tatu nyuma ya pazia, na sarafu. Sauti iwe kiwango kilekile, kwa sababu iliyo juu kidogo sikio huiona tamu zaidi. Sarafu inaamua waya upi uchomekwe, msikilizaji anataja, mara kumi. Anayebahatisha atapata tano, sita. Kupata tisa au kumi kwa kubahatisha ni kama mara moja katika mia. Akipata hizo, mimi nitavua kofia na kuomba anifundishe. Huko Marekani mwaka 2007 James Randi, mtu aliyezoea kuwaumbua wanaodai miujiza, aliahidi dola milioni moja kwa atakayeweza kutofautisha kwa njia kama hiyo waya wa spika wa dola 7,250 na waya wa kawaida. Mwandishi mmoja wa mambo ya muziki alijitokeza, kampuni ya waya ikajitoa, na jaribio halikufanyika. Kwa hiyo hatuwezi kusema lilithibitisha lolote. Linabaki kuwa mlango uliofunguliwa na haukuingiwa na mtu.

Wanaopinga majaribio ya namna hii wana neno moja la haki, nalo ni hili: mtu akikaa kama mtahiniwa hasikilizi kama mpenzi. Anatafuta kasoro, anatoka jasho. Ni kweli. Lakini hapo wamenisaidia. Wamekubali kwamba namna unavyokaa inabadilisha unachosikia. Basi na yule mwenye waya mpya alikaa vipi? Alizima simu. Alifuta vumbi kwenye santuri kwa kitambaa safi. Alishusha sindano pole pole. Akaketi mbele ya spika, hakusimama jikoni, akasikiliza upande mzima bila kuinuka, kwa sababu ametoa laki moja na nusu na anataka haki yake. Si ajabu aligundua gitaa la pili ambalo hakuwahi kulisikia! Gitaa lilikuwamo. Waya wa zamani nao ulilileta kila siku; ila siku zote hizo hakuwapo mtu wa kulipokea.

Ndiyo kusema, katika furaha ya waya bandia kuna sehemu ya kweli, nayo ni usikivu. Huo aliuleta mwenyewe kutoka nyumbani, akauziwa tena kwa bei kubwa. Siti binti Saad alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, na zikapigwa kwa gramafoni za kutia ufunguo. Gramafoni ile haina waya hata mmoja: sindano inatikisa kiwambo, kiwambo kinatikisa hewa, pembe inaitoa. Waliomsikia hivyo hawakupungukiwa na waya. Walikaa wakasikiliza.

Hili ndilo jibu ambalo ningempa fundi wangu sasa, kuhusu ile furaha kubwa ya mwalimu. Kabla hajaondoka mzee aliomba nimwonyeshe pale palipokatika. Nikafungua tena, akavaa miwani, akaugusa ule waya kwa ukucha. Akauliza unaitwaje, kwa nini upo, na kama ukikatika tena anaweza kuufunga mwenyewe. Nikamwambia anaweza. Ile “ndiyo hiyo tu” ilikuwa ni dakika moja ya unyonge, na ukweli mara nyingi hutuanzia hivyo, kwa sababu unatuonyesha jinsi kitu kilichotutisha kilivyokuwa kidogo. Alichoondoka nacho ni kikubwa kuliko alichokijia: pesa ya mabati mfukoni, na pleya ambayo sasa haimtishi.

Kwa hiyo mimi nikitengeneza waya natumia plagi za kufungua kwa skrubu, si zile zilizozibwa kwa plastiki ya moto. Mteja akitaka aifungue, aone risasi yangu, aone shaba, ahesabu nyuzi. Wavu nikiufunga upande mmoja tu, ule wa amplifaya, nachora mshale na namweleza maana yake: ni wa wavu, muziki hauna mwelekeo, umeme wa sauti unakwenda na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde, hauwezi kupangiwa njia moja. Nikiombwa soksi nyeusi naivika, maana inapendeza na inazuia kuchubuka, na bei yake naitaja peke yake.

Hayo ndiyo yangu. Mwenye hoja ya kunipinga na ailete, kurasa hizi ni zetu sote. Ila asije na habari ya wizi. Hiyo tulishaiondoa mapema. Aje aniambie kuhusu yule mpwa na zawadi yake.